Mvua ikianuka: jinsi ya kukagua nyumba yako Nairobi kwa mizunguko mitatu

Ufa ulionigharimu pesa nyingi kuliko uharibifu mwingine wote haukuwepo asubuhi mvua ilipoanuka. Ilikuwa mwishoni mwa Aprili 2024, mvua ile iliyofurika Mathare na Mukuru. Nyumba yetu iko Utawala, juu ya udongo mweusi ambao mafundi wanauita blakikotoni. Nilizunguka ndani na nje, nikaona dari ya chumba kimoja imelowa na gata moja inaning'inia, nikamshukuru Mungu, nikaita fundi, nikanunua rangi. Wiki ya tatu, jua likiwa limerudi kwa nguvu, ufa ulifunguka kwenye kona ya dirisha la jikoni ukashuka kama ngazi mpaka sakafuni, ukifuata viungo vya mawe.

Chanzo kilikuwa bomba la kushushia maji ya paa. Lilikuwa limechomoka kwenye kiungo nyuma ya tanki, na kwa siku kadhaa maji ya upande mzima wa paa yalimwagika kwenye kona moja ya msingi. Asubuhi ile nilipita hapo mara kadhaa bila kuinama.

Tangu hapo nakagua nyumba mara tatu. Mzunguko wa kwanza ni wa kulinda uhai: unafanywa mara tu mvua inapopungua au unaporudi nyumbani. Wa pili ni wa mchana wenye jua, kila kitu kikionekana. Wa tatu ni baada ya wiki mbili au tatu, ardhi inapoanza kukauka. Wengi wetu tunafanya nusu ya wa kwanza na robo ya wa pili.

MZUNGUKO WA KWANZA: UHAI

Hatua ya 1. Simama nje kwanza. Kama mlihama usiku kwa sababu ya maji, usikimbilie ndani kuokoa televisheni. Simama ng'ambo ya barabara uitazame nyumba yote. Mstari wa juu wa paa umenyooka au umebonyea katikati? Kuta zimesimama wima? Kuna waya uliolala chini, juu ya mabati au juu ya lango? Waya ulioanguka uhesabu kuwa una umeme hata kama mtaa mzima hauna stima, maana stima inaweza kurudi dakika yoyote. Kaa mbali angalau mita 10, wazuie watoto, upige 97771 ya Kenya Power. Kama kuna mtu amenaswa au ameumia, piga 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu.

Kisha jaribu mlango. Mlango wa mbao kukwama baada ya mvua ni jambo la kawaida, mbao huvimba. Mlango wa chuma hauvimbi. Ukiona mlango wa chuma uliokuwa ukifunguka kwa kidole leo unagoma, fremu imebanwa, na fremu haibanwi mpaka ukuta uwe umesogea. Usiusukume kwa bega. Rudi nyuma, uanze kutafuta nyufa kwa nje.

Wanaoishi kwenye maghorofa nawaomba waangalie chini kabla ya kuangalia juu. Zunguka ghorofa ya chini, kwenye maegesho na maduka, utazame nguzo. Plasta inayobanduka kwenye nguzo, ufa unaopanda wima kwenye nguzo, bimu iliyobonyea, milango kadhaa iliyoanza kukwama siku moja, au sauti za kupasuka ukutani usiku: hizo ni sababu za kutoka na watu wote, na kubisha milango ya majirani mnapotoka. Jengo la ghorofa sita la Huruma liliporomoka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 mvua ikinyesha, na zaidi ya watu 40 wakafa. Lilikuwa karibu na mto, na lilikuwa tayari limewekewa alama ya kubomolewa. Kama jengo lenu lina alama ya X ya rangi nyekundu, mvua kubwa ikianza msisubiri ushahidi mwingine.

Hatua ya 2. Stima na gesi. Tumia tochi, si mshumaa wala kiberiti, kwa sababu huenda mtungi wa gesi ulisukumwa na maji ukalegea. Ukinusa gesi, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote, funga mtungi kama unafikika, toka nje.

Breka kuu uizime pale tu ambapo miguu yako iko pakavu na sanduku lenyewe ni kavu. Kama maji yamefika kwenye sanduku, au umesimama kwenye maji, usiiguse. Piga simu ukatiwe kutoka nje.

Soketi iliyofikiwa na maji haiponi kwa kukauka. Tope hubaki ndani, na kesho au mwezi ujao unawasha pasi na moto unaanzia hapo. Inafunguliwa, inasafishwa au inabadilishwa, na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Muulize akuonyeshe hiyo leseni, si dharau kumuuliza. Hata pale maji hayakufika soketi, chunguza: swichi inayonguruma, plagi inayopata joto, taa inayopepesa, harufu ya plastiki iliyoungua. Maji kutoka darini hushuka ndani ya paipu za nyaya na kutokea kwenye swichi, huku ukuta wenyewe ukiwa mkavu kabisa.

Nyumba za mabati zina hatari yake ya pekee, na naiandika kwa uzito kwa sababu inaua watu Mukuru, Kibra na Mathare. Waya uliopita juu ya paa ukichubuliwa na ncha ya bati, nyumba nzima hubeba stima. Mtu mwenye miguu iliyolowa anashika ukuta afungue mlango, basi. Baada ya mvua, usishike bati kwa mkono. Tumia testa yenye mpini mzima, na kama huna, mwite anayewasambazia stima hapo plotini akate kwanza, ndipo muingie.

Hatua ya 3. Piga picha kabla ya kufagia. Piga alama ya maji ukutani ukiweka rula au chupa ya soda kando ili kimo kionekane, piga vitu vilivyoharibika, piga dari. Mwenye bima aarifu kampuni yake siku hiyo hiyo. Mpangaji atume picha kwa keateka na kwa mwenye nyumba kwa ujumbe wa simu. Maneno ya mdomo pale ngazini husahaulika, lakini ujumbe una tarehe.

MZUNGUKO WA PILI: MCHANA WENYE JUA

Hatua ya 4. Anza na dari, ukiwa ndani. Watu wengi hupanda paa mara moja. Mabati yaliyolowa huteleza kama sabuni, na mtu anaanguka kwa ajili ya tundu ambalo angeliona akiwa chini.

Dari iliyovimba kama tumbo imebeba maji. Ondoa vitu vyote chini yake, weka beseni, simama pembeni, si chini yake, halafu toboa mahali palipobonyea zaidi kwa bisibisi. Maji ya kwanza hutoka meusi, yamechanganyika na vumbi la miaka na kinyesi cha popo, kisha huwa ya rangi ya chai, kisha yanadondoka matone. Kitundu kimoja kitakuachia ubao mmoja wa kubadilisha. Ukiacha, utabadilisha dari ya chumba kizima, na kuna hatari imwangukie mtu kitandani.

Doa la dari halimaanishi tundu liko juu yake. Maji huingia kwenye tundu, hufuata mbao ya kenchi ikishuka, na kudondoka mita mbili au tatu mbele. Kwa hiyo panda ndani ya dari kupitia kile kidirisha chake, saa sita mchana, taa zikiwa zimezimwa. Tulia dakika mbili macho yazoee giza. Matundu yatajionyesha yenyewe kama nyota. Yazungushie chaki. Kanyaga juu ya mbao tu, dari haibebi mtu.

Ukiwa humo, angalia ile mbao inayolala juu ya ukuta, inayobeba kenchi zote. Vuta waya au vipande vya chuma vinavyoifunga na ukuta. Vikiwa vimelegea au vimekatika, upepo ulijaribu kuling'oa paa likabaki limekaa kwa uzito wake tu. Hilo halisubiri mwisho wa mwezi.

Hatua ya 5. Paa kwa nje. Panda ghorofa ya jirani au simama mbali, uvute picha kwa simu. Unatafuta vitu vichache: kofia ya paa iliyofunuka, bati lililoinuka ukingoni, misumari iliyotoka. Mpira ulio chini ya kichwa cha msumari hupasuka kwa jua la miaka, na upepo ukilitikisa bati, msumari hupanda kidogo kidogo. Usiupige nyundo urudi kwenye tundu lile lile, hautashika. Weka mwingine mnene zaidi au wa skrubu, wenye mpira mpya. Na msumari ukae juu ya mgongo wa bati, si bondeni maji yanakopita. Nimeona paa jipya kabisa linavuja kwa kosa hilo moja.

Mvua ya mawe huacha mabonyeo kwenye mabati, na mengi ni ya sura tu. Kinachopasuka ni mabati ya plastiki ya kuingizia mwanga, mirija ya kioo ya hita za jua, vifuniko vya matanki na vigae vya zamani. Ufa kwenye kigae huonekana vizuri kikiwa kinaanza kukauka: sehemu yenye ufa hubaki nyeusi kwa muda baada ya nyingine kung'aa.

Paa la zege, lile la kuanikia nguo, lina shida nyingine. Tundu la kutolea maji likizibwa na mfuko wa nailoni au majani, paa hugeuka bwawa. Sentimita 10 za maji juu ya mita moja ya mraba ni kilo 100. Paa la mita 10 kwa 10 linabeba tani 10 ambazo huenda halikukusudiwa kubeba. Zibua kwanza, mengine baadaye.

Gata zisafishe. Vuli inapoanza ndipo jakaranda zinapomwaga maua, na yale maua ya zambarau yanayotupendeza barabarani hushikana ndani ya gata kama uji. Kisha, tafadhali, fuata kila bomba la kushushia maji kwa mkono wako, kiungo kwa kiungo, mpaka linapomwagia. Inama.

Kama paa lenu ni la karatasi za zamani za asbesto, zile za kijivu, msizivunje, msizikate, wala msifagie vipande vikavu. Loweka vipande, vifungwe kwenye plastiki nzito, na kazi ya kuliondoa ifanywe na watu wenye kibali cha taka hatari. Vumbi lake linaharibu mapafu, na Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006.

Hatua ya 6. Soma nyufa. Hapa ndipo pesa hupotea: mtu anaziba ufa wa kuogopwa, na mwingine anauza nyumba kwa ufa usio na neno.

Chukua kadi ya benki. Unene wake ni milimita 0.76. Ufa usiopitisha kadi, uliotawanyika kama utando wa buibui, mara nyingi ni plasta tu. Ufa unaopitisha kadi unahitaji alama. Ufa wa milimita 5 au zaidi, unaoingiza ncha ya kalamu, unahitaji mhandisi aliyesajiliwa aje aone. Ukifika milimita 15, ukuta huo usilale karibu nao.

Upana peke yake hautoshi. Ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, au unaoshuka kama ngazi kati ya mawe, unasema msingi umesogea. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, kona ya nyumba inazama. Ufa wa mlalo katikati ya ukuta, ukuta ukiwa umejitokeza kama tumbo, unasema kuna kitu kinausukuma, mara nyingi udongo uliojaa maji. Ufa ule ule ukionekana ndani na nje, umepasua jiwe zima.

Weka alama hivi: kwa penseli, kata mstari mdogo kwenye kila ncha ya ufa, andika tarehe. Katikati andika upana. Usipake rangi, usijaze saruji. Halafu gonga plasta kwa kifundo cha kidole kuzunguka ufa. Ikilia kama debe tupu, imeachana na mawe na itabanduka, hata kama inaonekana nzima.

Hatua ya 7. Ukuta wa uzio. Tunausahau kwa sababu hatulali ndani yake. Lakini kuta nyingi za uzio hapa Nairobi zimejengwa kwa msingi mfupi, bila nguzo za kutosha, na upande wa jirani kumerundikwa udongo nusu ya kimo. Mvua inajaza udongo huo maji, uzito unaongezeka, na ukuta wa mawe unalala kwa mkupuo mmoja juu ya gari, kibanda cha mama mboga, au watoto.

Tumia timazi: funga jiwe kwenye uzi, ulitundike kutoka juu ya ukuta. Juu na chini viwe umbali mmoja kutoka kwa uzi. Ukiona ukuta umeinama kuliko zamani, au una tumbo, weka kamba kwa umbali wa kimo chake mara moja na nusu, mwarifu jirani, hamisheni vibanda na magari. Kisha tazama matundu ya kutolea maji chini ya ukuta. Baada ya mvua yanapaswa kudondosha. Yakiwa makavu huku udongo wa nyuma umelowa, yameziba, na maji yote yamekaa mgongoni mwa ukuta. Yazibueni kwa nondo mkiwa mmesimama pembeni, na kama ukuta tayari umeinama, msiusogelee kabisa.

Hatua ya 8. Maji, choo, unyevu. Kama maji ya mafuriko yaliingia kwenye tanki la chini au kisima, usinywe wala usipikie. Mwaga, sugua, jaza tena, tia dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato: yenye nguvu ya asilimia 3.5, lita moja na nusu kwa tanki la lita 1,000. Fungua mifereji yote mpaka harufu ya klorini isikike, acha usiku kucha, mwaga yote, suuza. Mpaka hapo, maji ya kunywa yatokote dakika moja kamili.

Kagua kifuniko cha septiki kabla mtoto hajakikanyaga. Maji huinua vifuniko, na kinachobaki juu ni tope linaloonekana kama ardhi. Choo kinachogugumia na kurudisha maji siku ya tatu au ya nne kinaonyesha shimo la kunyonyea limejaa. Kupigia lori la kunyonya mara moja hakutoshi kama ardhi bado imelowa, shimo litajaa tena, kwa hiyo punguzeni maji ya kufulia kwa muda.

Kuvu huanza ndani ya siku moja hadi mbili. Sogeza makochi na kabati kutoka ukutani, fungua madirisha. Godoro lililolowa maji ya mafuriko halisafishiki, litupe. Sugua kuta kwa klorini kipimo kimoja na maji vipimo tisa, bila kuichanganya kamwe na dawa ya choo, maana mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

MZUNGUKO WA TATU: BAADA YA WIKI MBILI AU TATU

Upande wa Kileleshwa na Kikuyu wenye udongo mwekundu, mzunguko huu ni mfupi. Upande wa Embakasi, Utawala, Ruai, Syokimau na Kitengela, huu ndio wenyewe. Udongo mweusi ukinywa maji huvimba na kuinua nyumba, ukikauka hunywea na kuiacha. Hauvimbi sawasawa: kona iliyomwagiwa maji hupanda zaidi na baadaye hushuka zaidi. Kwa hiyo nyufa huja na jua.

Rudi kwenye kila alama ya penseli. Je, ufa umepita mstari? Pima upana upya. Zunguka nje utazame kama ardhi imeachana na ukuta na kufanya mwanya. Fungua na ufunge kila mlango. Mwaga maji kidogo sakafuni uone kama yanaelekea upande ambao hayakuwa yakielekea.

Mimi nilipouona ufa wa jikoni nilitaka uzibwe siku hiyo. Fundi aliweka kidole ndani yake, akakitoa kina unyevu.

"Fundi, si tuzibe tu leo?"

"Hapana mama. Hii ardhi bado inatembea. Nikiziba leo utaniita tena Agosti, na utanilaumu."

Badala yake tulishughulikia maji. Bomba lilifungwa upya na kupelekwa mpaka kwenye mtaro. Maua niliyokuwa nimeyapanda chini ya dirisha, na kuyamwagilia kila jioni, yalihamishwa. Kuzunguka nyumba tulimwaga zege la upana wa mita moja, likiinama kuelekea nje. Kazi hiyo ilinigharimu zaidi ya plasta, na ndiyo iliyosimamisha ufa.

Alama za penseli bado ziko jikoni, kando ya dirisha: 18 Mei, 8 Juni, 29 Juni, 3 Agosti. Mbili za mwisho ziko mahali pamoja. Fundi alipoziona alichubua plasta, akapigilia wavu wa waya juu ya ufa, akapiga plasta mpya, na nikamwomba asizifikie alama zenyewe.